Muhimbili au Kairuki: ukichaguliwa kote kuwili, amua hivi

Kabla ya kubishana usomee udaktari Muhimbili au Kairuki, hakikisha laini ya simu iliyoandikwa kwenye maombi yako iko mkononi mwako. Vijana wetu wengi huku Dodoma huombea vyuo steshenari, na mwenye steshenari, kwa kurahisisha kazi, hujaza namba yake ya simu na barua pepe yake. Majina yanapotoka, aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo ukiingia kwenye simu ya mtu aliyefunga duka akaenda shambani kwake Bahi, siku za kuthibitisha zinakwisha na wewe huna hiyo namba. Nenda leo, ingia kwenye akaunti yako ya kila chuo, badilisha namba ya simu na nywila. Kisha kaa tuongee.

Mimi ni muuguzi. Miaka yangu mingi imepita wodini hapa Dodoma, zaidi wodi ya wazazi. Udaktari sikuusomea, ila ninawajua intani, maana ndio ninaosimama nao usiku. Intani ni daktari aliyemaliza miaka 5 ya chuo, akaletwa hospitali kufanya kazi mwaka 1 chini ya usimamizi kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimewapokea wa Muhimbili, wa Kairuki, wa Bugando, wa KCMC, wa UDOM. Sasa binti wa dada yangu, mtoto wa Kongwa, kapata vyuo viwili vya Dar es Salaam, na ukoo mzima umegawanyika: baba yake anataka Muhimbili, mjomba wake anasema Kairuki wanafunzi wanajulikana kwa majina. Yeye kaniuliza, "Mama mkubwa, wewe ungekwenda wapi?" Haya ndiyo ninayomjibu, yeye na wenzake.

Wapo watakaouliza kwa nini asisome UDOM hapa nyumbani, ambako wanafunzi wa udaktari wanafundishwa Benjamin Mkapa na hospitali nyingine za jirani. Swali zuri, na kwa familia nyingi ndilo jibu. Lakini huyu hakuomba UDOM, na dirisha likishafungwa limefungwa. Tushughulike na kilichopo mezani.

Jina la chuo

Wazee wanagombana sana juu ya jina. Naelewa kwa nini. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, ikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Kwa miaka kama thelathini, daktari aliyesomeshwa hapa nchini alikuwa ametoka pale. Baba wa umri wa shemeji yangu akisikia "udaktari" anaona Muhimbili tu. Kairuki ni mdogo kwa umri: Profesa Hubert Kairuki, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alifungua hospitali Mikocheni mwaka 1987, na chuo kikafuata mwaka 1997. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1999, chuo kikaendelea. Siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha Kairuki, ingawa wengi bado wanasema HKMU, kifupi cha jina lake la zamani.

Sasa sikiliza. Shahada ni ileile, Udaktari wa Tiba, miaka 5. Intanshipu ni ileile. Baraza linalosajili ni lilelile. Mgonjwa anayeletwa kwenye bajaji saa tisa usiku kutoka Nkuhungu hamuulizi daktari kasoma wapi. Na ubingwa ukiutaka baadaye, mlango hauwi umefungwa kwa sababu shahada ya kwanza uliipata Mikocheni, kwa Kairuki, au Upanga, iliko Muhimbili. Jina lina uzito wake siku ya kupongezwa, nami sitaki kuwanyima wazazi furaha hiyo. Ila lisiwe ndilo linaloamua.

Mikono yako itakuwa imefanya nini

Mimi ningeuliza swali moja kwa kila chuo: siku nitakapomaliza mwaka wa tano, mikono yangu itakuwa imeshafanya nini, mara ngapi, na nani alikuwa amesimama pembeni akinisahihisha?

Usiku mmoja tuliletewa mama aliyejifungulia njiani akitokea kijijini, damu haikati. Zamu ilikuwa na intani msichana, mwembamba, mpole hata unasahau kwamba yupo. Kabla sijamaliza kumpigia simu bingwa, tayari mkono wake ulikuwa tumboni kwa mama akikanda mfuko wa uzazi, ameshaagiza oksitosini, dawa ya kuubana mfuko huo, ameweka kanula mbili, damu imechukuliwa ya kupimwa kundi, na macho yake yanakagua kama kuna mchaniko. Hakupiga kelele. Mama yule alipona. Asubuhi nikamuuliza haya kajifunzia wapi. Hakutaja chuo chake. Alisema kila likizo ndefu alikuwa akienda kujitolea hospitali ya wilaya ya kwao, na wakunga wa pale walimfundisha kama mtoto wao.

Nakwambia haya kwa sababu ya jambo ambalo watu wengi wa nje hawalijui. Hospitali kubwa ya rufaa huonyesha mwanafunzi magonjwa mazito na ya nadra, maana ndiko nchi nzima inakoyapeleka. Muhimbili ni hospitali ya vitanda takribani 1,500, na hapohapo kuna taasisi ya mifupa ya MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Ukipita majengo ya wodi ya Mwaisela, Sewahaji na Kibasila kwa miaka 3 ya wodini, utaona vitu ambavyo mwenzako wa chuo kingine atavisoma kitabuni tu. Hiyo ni neema kubwa. Lakini hospitali hiyohiyo ina madaktari wanaosomea ubingwa, ina intani wake, ina wanafunzi wa uuguzi na wa fani nyingine, na wote wanahitaji mgonjwa yuleyule. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesimama mstari wa nyuma kwenye raundi kuu husikia sauti ya profesa na kuona migongo ya wenzake. Anayetaka kuona lazima ajisogeze, afike wodini kabla ya wote, aombe, arudi jioni wakati watu wameondoka.

Kwenye hospitali ndogo ya binafsi mambo hugeuka. Wanafunzi ni wachache kuzunguka kitanda, bingwa anakujua, anakuuliza wewe hasa, na kesho anakumbuka jana ulishindwa wapi. Kwa upande mwingine wagonjwa nao ni wachache, wengi wanalipa au wana bima, na yupo asiyetaka mwanafunzi amguse. Ana haki hiyo. Kwa hiyo chuo cha namna hii hupimwa sana kwa hospitali za nje kinazowapeleka wanafunzi wake: ni zipi, kwa wiki ngapi, na huko nani anawasimamia. Hilo ndilo swali la kuwauliza Kairuki, na uliulize bila haya.

Kazi itakayokungoja Dodoma, Singida au Manyoni ni ya kila siku: mtoto mwenye malaria kali na damu kidogo, nimonia, kuhara, kifafa cha mimba, uzazi uliokwama, ajali ya bodaboda, mtu aliyeungua, aliyeumwa na nyoka shambani. Chagua chuo ambacho ukihesabu miaka yote 5 kitakuwa kimekupa nafasi ya kuzalisha, kushona, kuweka dripu kwa mtoto mdogo ambaye mshipa hauonekani, na kumhoji mgonjwa mwanzo hadi mwisho wewe peke yako.

Nenda ukaone

Picha za mtandaoni hazitakwambia haya. Kama familia inaweza nauli, panda treni ya umeme. Tangu 2024 imetupunguzia safari ya Dar mno. Tulizoea kukaa kwenye basi siku nzima, sasa ni saa chache. Unaweza kwenda na kurudi siku moja, ila mimi nashauri ulale usiku mmoja kwa ndugu, upate asubuhi mbili: moja Upanga, moja Mikocheni. Na uende siku ya kazi, si Jumamosi, maana hospitali ya kufundishia huonekana asubuhi.

Ukifika usijipenyeze wodini. Mgonjwa si maonyesho, na ukiwa daktari utalinda heshima yake hivyohivyo. Pitia ofisi ya mlezi wa wanafunzi, sema umechaguliwa na bado hujathibitisha, uombe kuonyeshwa chumba cha anatomia, maktaba, na maabara ya mazoezi kwa vitendo ambamo wanafunzi hujifunza kwenye midoli kabla ya kumgusa mtu. Angalia kama midoli hiyo inatumika au imefunikwa nailoni.

Kisha nenda kantini. Usizungumze na wa mwaka wa kwanza, wao bado wana furaha ya kufika. Tafuta wa mwaka wa nne na wa tano, wale wenye koti jeupe lililochoka na kijitabu mfukoni. Wasalimie vizuri, wanunulie soda kama unaweza, waulize. Mzunguko wa uzazi ulizalisha akina mama wangapi kwa mikono yako? Kwenye raundi mnasimama wangapi kitanda kimoja? Kijitabu chako cha mazoezi anakisaini nani, aliyekuona ukifanya au yeyote aliye karibu? Mtu akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, anarudia lini, na analipia? Darasa lenu mlianza wangapi na mko wangapi sasa? Mwalimu akikosekana mnafanyaje?

Usikilize majibu, na uangalie pia uso. Mwanafunzi anayelalamika kwamba kachoka kwa sababu jana alikuwa leba mpaka usiku anakusifia chuo chake bila kujua. Anayekwambia "huku hakuna presha kabisa" mshukuru, na ukae na wasiwasi kidogo.

Kama nauli haipo, bado una njia. Intani wa vyuo vyote wapo hapa Dodoma, kwenye hospitali za General na Benjamin Mkapa. Tafuta watatu wanne kupitia mtu anayewafahamu, si mmoja, maana mmoja atakusimulia maisha yake tu. Usiwavizie wakiwa zamu. Jioni wakitoka, au siku ya mapumziko, watakuongelea kwa moyo. Wote wamepita ulipo wewe.

Fedha, na hapa nitakuwa mkali

Ada ya Kairuki ni mara kadhaa ya ada ya Muhimbili, kwa sababu moja ni binafsi na nyingine ya umma. Chukua barua ya maelekezo ya kujiunga ya kila chuo, andika ada, zidisha kwa 5, halafu ongeza usajili, bima, koti, stethoskopu, vitabu, nauli na kodi ya chumba. Fanyeni hesabu hiyo mezani pamoja na wazazi, kwenye karatasi moja, si kila mtu kichwani mwake.

Bodi ya Mikopo huwapa hata wanafunzi wa vyuo binafsi, na kozi za afya zimekuwa kwenye kipaumbele. Lakini Bodi hupima uwezo wa familia na inaweza kukupa sehemu tu ya ada. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ambayo wanafunzi wanaiita bumu, nayo huja kwa awamu, na Dar es Salaam huisha kabla ya awamu. Ukianza kazi utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, kwa hiyo ada kubwa unaisogeza mbele, huifuti. Kama ufaulu wako uko juu kabisa, fuatilia pia ufadhili wa Samia kwa waliong'ara kwenye sayansi.

Shemeji yangu ana zabibu Hombolo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari na tena kuanzia Agosti, na hilo limemsaidia kufikiri, maana ada inadaiwa muhula wa kwanza na wa pili. Nilimwambia asihesabu msimu mzuri, ahesabu ule mbaya: mvua imechelewa, wanunuzi wa mchuzi wa zabibu wameshusha bei, na mtoto wa pili kaingia kidato cha tano. Kama katika mwaka wa namna hiyo ada ya chuo binafsi bado inalipika bila kuuza shamba lenyewe, basi Kairuki iko mezani. Kama hailipiki, mjadala umekwisha, aende Muhimbili, tena kwa furaha. Mwanafunzi anayezuiwa kuingia kwenye mtihani kwa deni, anayeshinda ofisi ya mhasibu wakati wenzake wako wodini, anapoteza kilekile alichokifuata. Nimesema hivi mbele ya dada yangu na sitarudi nyuma.

Utalala wapi

Usilidharau hili. Hosteli Muhimbili zipo, ila vitanda havitoshi wote kwa miaka yote, na Upanga kupanga ni ghali. Mikocheni vilevile. Wengi huishia Magomeni, Kinondoni, Mwananyamala, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Anayeishi Magomeni akisoma Upanga lazima avuke Jangwani, na masika bonde la Jangwani hujaa maji, Barabara ya Morogoro ikafungwa, mwendokasi ukasimama. Uliza pia kuhusu Mloganzila, maana Muhimbili ina kampasi na hospitali huko, njia ya Kibaha, mbali kabisa na Upanga. Ujue ni mwaka gani utapelekwa na utafikaje.

Kwa msichana naongeza: uliza wanaotoka zamu ya leba saa nne usiku wanarudi vipi kwao. Chuo kikikosa jibu, familia iwe nalo, iwe ni chumba karibu au ndugu wa kumpokea. Mwanafunzi anayeogopa njia ya kurudi ataondoka wodini saa kumi na mbili, na wagonjwa wengi wa kufundishia huja baada ya hapo.

Mimi ningekwenda wapi

Ningeangalia tabia ya mtoto. Binti yetu huyu darasani hanyooshi mkono, lakini ukimpa kazi haiachi mpaka iishe. Mtoto wa namna hiyo hustawi mahali mwalimu anapomwita kwa jina, na kama shamba lingekuwa kubwa mara mbili ningempeleka Mikocheni kesho. Mtoto anayejisogeza mwenyewe, asiyeona aibu kumwomba rezidenti, yule daktari anayesomea ubingwa, mara tatu amruhusu ashone, huyo Muhimbili atakula na kushiba.

Hesabu yetu imekataa Mikocheni. Anakwenda Muhimbili, na tumekubaliana naye mambo mawili kwa sababu ya upole wake. La kwanza, kila wiki ya wodini atachagua mgonjwa mmoja wa kumfuata kuanzia kulazwa hadi kuruhusiwa, awe anamsubiri profesa pale pale kitandani kwa mgonjwa huyo, si mstari wa nyuma. La pili, likizo ndefu harudi Kongwa kulala. Atakwenda kwa barua ya chuo kujitolea hospitali ya wilaya, au ile ya Mvumi, kama yule intani wangu. Angekwenda Kairuki ningempa la pili hilohilo, tena kwa msisitizo zaidi, kwa ajili ya wingi wa wagonjwa.

Ukishaamua, ingia kwenye akaunti ya chuo ulichokichagua, weka ile namba ya siri, thibitisha, chapisha ukurasa unaoonyesha umethibitisha, na upige picha nakala hiyo. Usingoje siku ya mwisho, mtandao huelemewa. Fomu ya uchunguzi wa afya ijaze mapema huku Dodoma kabla foleni hazijawa ndefu.

Na anza chanjo ya homa ya ini B sasa hivi, ukiwa bado nyumbani. Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Utakuwa unashika damu ya watu, na wodi haitakungoja umalize. Ya tatu itakukuta Dar, kwa hiyo kadi ya chanjo iweke kwenye bahasha moja na vyeti vyako halisi, usiiache kwa mama.